Picha ya ubongo imeonyesha vidoa: ni minyoo ya nguruwe au kitu kingine?

SWALI: Shikamoo daktari. Tunaishi Mbozi. Kaka yangu ana miaka 34, na tangu mwaka jana ameanguka kifafa mara tano. Utotoni hakuwahi kuwa nacho. Alipigwa CT-Scan bila dawa ya mshipani, majibu yakasema ana vidoa vinne vya chokaa kwenye ubongo na kifuko kimoja cha maji cha milimita 9 upande wa kulia. Tumeambiwa huenda ni minyoo ya nguruwe. Sisi ni Waislamu, nguruwe hatuli. Kinyesi kimepimwa, hakuna kitu. Tumesikia kuna kipimo cha damu lakini ni cha gharama. Je, kweli ni minyoo? Tufuate vipimo gani, na tukiwa tunasubiri tunaweza kumpa albendazo ya dukani?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari: albendazo msimpe kwanza. Dawa ya kifafa aliyoandikiwa aimeze kila siku bila kuruka dozi. Kifuko hicho kina miezi, pengine miaka, mahali kilipo, na wiki mbili tatu za kutafuta vipimo hazitaharibu kitu. Kitakachomuumiza kesho ni kifafa chenyewe, akiwa jikoni, ziwani au juu ya bodaboda.

Sasa suala la nguruwe. Tegu wa nguruwe analeta magonjwa mawili, na watu wengi huyachanganya. Anayekula nyama ya nguruwe yenye mabuu na isiyoiva hupata tegu wa tumboni, mnyoo wa mita kadhaa anayekaa kwenye utumbo mwembamba, mara nyingi bila hata kumsumbua mwenyewe. Anayemeza mayai ya tegu huyo ndiye anayepata vifuko ubongoni, na kila kifuko ni buu la tegu. Mayai hayo hayamo kwenye nyama. Yanatoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, pingili moja inaweza kuwa na mayai makumi ya maelfu, na yakishatoka yako tayari kuambukiza. Mpishi asiyenawa vizuri baada ya choo, kachumbari ya mboga zilizomwagiliwa maji machafu, mtoto anayelishwa kwa mkono: hizo ndizo njia. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa wanne wa jamii ya Wayahudi wa Orthodox jijini New York, watu ambao nguruwe kwao ni haramu kama ilivyo kwenu, na wote walikuwa na vifuko vya tegu ubongoni. Chanzo kilichoelekea kuwa ndicho ni wafanyakazi wa ndani waliotoka Amerika ya Kilatini. Kwa hiyo dini ya kaka yako haimwondoi kwenye orodha. Cha kuuliza ni kama anaishi mahali ambapo nguruwe hutembea huru na vyoo ni haba, na nyanda za juu kusini mwa Tanzania, iliko Mbozi, ni mahali hapo, kama ilivyo Mbulu na magharibi mwa Kenya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, asilimia 30 ya kifafa chote kinatokana naye, na katika jamii zenye maambukizi makali inaweza kufika asilimia 70. Mtu mzima anayeanza kuanguka akiwa na miaka 34 huko Mbozi, mimi ningemfikiria tegu kabla ya mengi mengine.

Kipimo cha kinyesi kuwa safi hakipingani na hayo hata kidogo. Kinatafuta mnyoo mzima wa tumboni, wakati kaka yako anashukiwa kuwa na mabuu ubongoni. Wagonjwa wengi wa ubongo hawana tegu tumboni kabisa. Juu ya hapo, hadubini haitofautishi yai la tegu wa nguruwe na la tegu wa ng'ombe, ambaye haendi ubongoni, na sampuli moja hukosa mayai mara nyingi kwa kuwa hayatoki kila siku. Mkipima tena, pelekeni sampuli tatu za siku tofauti. Lakini lengo liwe kujua kama yeye mwenyewe ni chanzo cha mayai nyumbani. Ya ubongo hayatajulikana kwa njia hiyo.

Yanayoamua ni picha. Kwenye ubongo buu hupita hatua nne, na kila hatua ina sura yake. Likiwa hai ni kifuko cha mviringo chenye ukuta mwembamba, kwa kawaida milimita 5 hadi 20, na maji yake kwenye CT-Scan ni meusi sawasawa na maji ya kawaida ya ubongo. Pembeni hakuna uvimbe, kwa sababu buu hai hujificha dhidi ya kinga ya mwili. Linapoanza kufa, kinga inaligundua: maji yanakuwa mazito, ukuta unanenepa na kung'aa ukichomwa dawa ya mshipani, na tishu zinazolizunguka zinavimba. Hatua hiyo ndiyo mara nyingi huleta kifafa. Baadaye linasinyaa kuwa kinundu kidogo kigumu, mwisho linabaki doa la chokaa, jeupe kabisa kwenye CT, kwa kawaida chini ya milimita 10 na lisilo na uwazi katikati.

Ndani ya kifuko kilicho hai tafuteni kichwa cha mnyoo. Ni nukta angavu ya milimita chache, imekaa pembeni ya duara jeusi badala ya katikati, ikigusa ukuta. Nukta hiyo ikionekana bila shaka, utambuzi umekwisha. Hakuna ugonjwa mwingine wa ubongo unaotoa sura hiyo. Tatizo ni kwamba CT yenye vipande vya milimita 8 au 10 inaweza kukosa kifuko kidogo, sembuse nukta ya ndani yake. Muulizeni mtaalamu wa mionzi vipande vilikuwa na unene gani, na ombeni CD yenye picha zote. Karatasi ya majibu peke yake haitoshi. Daktari wa mishipa ya fahamu atataka kuzipitisha picha mwenyewe.

Kwenye CD hiyo hiyo kuna jambo jingine la kuhakiki: vidoa vinne viko wapi hasa? Chokaa kwenye tezi ya pineali katikati ya ubongo, au kwenye mishipa inayotengeneza maji ndani ya vyumba vya ubongo, ni kawaida kwa mtu mzima na haina maana yoyote. Chokaa ya tegu hukaa ndani ya nyama ya ubongo yenyewe, hasa mpakani mwa tabaka la juu la kijivu na lile jeupe la chini, kwa sababu hapo ndipo mishipa ya damu hupungua upana na kiinitete cha tegu kukwama. Kuna majibu ya mionzi ambayo vidoa vyake "vinne", vikitazamwa vizuri, ni vitatu na pineali.

Mkiweza, fanyeni MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku. CT na MRI zinakamilishana, na wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wanashauri zote mbili kwa mgonjwa mpya. CT haina mpinzani kwa chokaa, ambayo MRI ya kawaida inaweza kuikosa. MRI nayo inaona kichwa cha mnyoo, uvimbe mdogo unaozunguka doa, na zaidi ya yote vifuko vilivyo ndani ya vyumba vya maji, kwenye shina la ubongo, au kwenye nafasi ya maji inayozunguka ubongo. Hapo CT hudanganya, maana kifuko chenye maji meusi kilichozama kwenye maji meusi hakionekani. Kitakachoonekana ni vyumba kupanuka tu. Barua ya rufaa iombe picha za T1, T2 na FLAIR, picha ya vipande vyembamba ya aina ya FIESTA au CISS kwa ajili ya vyumba vya maji, picha ya SWI kwa chokaa, na picha baada ya gadolinia, dawa ya mshipani inayotumika kwenye MRI. Pigeni simu hospitali ya rufaa kabla ya kusafiri, muulize kama mashine inafanya kazi na kama gadolinia ipo. Kipimo cha figo afanye kabla, na aseme kama dawa ya mshipani iliwahi kumdhuru. MRI ikishindikana, rudieni CT ikiwa na dawa ya mshipani na vipande vyembamba. Ile ya kwanza, kwa kuwa haikuwa na dawa, haiwezi kutuambia kama ukuta wa kile kifuko unang'aa au umetulia, na jibu hilo ndilo linaloonyesha kama buu ni hai au linakufa.

Madaktari hawaamui kwa hisia. Kuna vigezo vya kutambua ugonjwa huu, viitwavyo vya Del Brutto, vilivyorekebishwa 2017, vinavyogawa ushahidi katika mafungu. Ushahidi kamili ni kichwa cha mnyoo kinachoonekana dhahiri kwenye picha, buu lililoonekana chini ya retina ya jicho, au mnyoo wenyewe kuthibitishwa kwenye kipande cha tishu kutoka ubongoni au uti wa mgongo. Kimoja kinatosha. Visipokuwepo, picha zinapewa uzito: kifuko kisichoonyesha kichwa ni alama kubwa, chokaa ya sura ya kawaida ya tegu ni alama kubwa nyingine. Kisha huja mazingira na dalili: kifafa na kuishi eneo lenye tegu ni alama ndogo, kipimo cha damu chenye kuaminika ni kubwa, buu lililopatikana nje ya ubongo ni kubwa, na mtu wa nyumbani mwenye tegu ni kubwa. Alama mbili kubwa za picha pamoja na moja yoyote ya mazingira au dalili zinafikisha utambuzi wa uhakika, mradi magonjwa mengine yanayofanana yameondolewa.

Pimeni kaka yako kwa kipimo hicho. Ana kifuko, ana chokaa, ana kifafa, anaishi Mbozi. Kama vidoa vile kweli ni vya tegu na kifuko ni kifuko kweli, anaingia kwenye utambuzi wa uhakika hata kabla ya tone la damu. Mimi naona hivyo pia kwa sababu nyingine: hatua mbili tofauti ndani ya ubongo mmoja, kimoja bado kina maji na vingine vimeshakauka, ni mwenendo wa mnyoo. Uvimbe wa saratani au jipu hauna kawaida hiyo.

Lakini "mradi magonjwa mengine yameondolewa" si maneno ya kupamba. Apimwe VVU, kama hajapimwa karibuni. Majibu yakiwa chanya na CD4 (chembe za kinga za damu) ziko chini ya 100, toksoplazma, kimelea kingine cha ubongo, inapanda juu ya orodha. Kifua kikuu cha ubongo hapa kwetu ni cha kawaida, na kung'aa kwake kwenye picha kunafanana sana na buu linalokufa. Kinachosaidia ni ukubwa na tabia: uvimbe wa kifua kikuu mara nyingi unazidi milimita 20, kingo zake hazina umbo, unasukuma ubongo upande mmoja, na mgonjwa huwa na homa za jioni, kukonda au kikohozi. Kile cha milimita 9 kwa mtu mwenye afya nzuri kati ya kifafa kimoja na kingine hakina sura hiyo. Kwa wagonjwa wanaotoka Turkana au kwa wafugaji wanaoishi na mbwa, kuna pia vifuko vya hidatidi, yaani vya tegu wa mbwa: kwa kawaida kimoja kikubwa sana, laini, kisicho na nukta ndani.

Kipimo cha damu. Hapa msitumie hela kabla ya kuuliza jina lake. Kinachoaminika kinaitwa EITB, kilichoelezwa 1989. Kinatafuta kingamwili dhidi ya protini saba zilizochujwa za buu. Mtu mwenye mabuu mawili au zaidi yaliyo hai, kinamkamata takribani asilimia 98. Mwenye kifuko kimoja tu, au chokaa pekee, uwezo wake unashuka hadi kati ya nusu na theluthi mbili. Kwa kaka yako, mwenye kifuko kimoja, jibu hasi halitamsafisha. Jibu chanya litaongeza uzito, ingawa nalo lina mwanya wake: katika vijiji vyenye tegu watu wengi wazima wana kingamwili hizo kwa kuwa walishakutana na mayai, na ubongo wao hauna kitu. Kipimo cha aina ya pili ni cha antijeni, kinachotafuta vipande vya buu hai kwenye damu. Kinafaa zaidi kufuatilia matibabu ya wagonjwa wenye vifuko vingi. Cha tatu, ELISA ya kingamwili iliyotengenezwa kwa mnyoo mzima uliosagwa, ndicho nisichokipendekeza. Kinachanganya tegu na minyoo mingine, na miongozo ya kimataifa inasema kisitumike. Ikiwa maabara haiwezi kukwambia ni ipi kati ya hizo tatu, hifadhini fedha zenu kwa ajili ya MRI. EITB kwa kawaida hupatikana kwenye maabara za utafiti, si maabara za mtaani, na sampuli ni ya damu. Maji ya uti wa mgongo hayaongezi uwezo wake.

Kuhusu hayo maji: kwa kifuko kilicho ndani ya nyama ya ubongo, sindano ya mgongo haina faida kubwa. Inafaa pale daktari anapohofia homa ya uti wa mgongo au vifuko vya nje ya ubongo, na hata hapo picha ije kwanza. Kuchoma sindano wakati shinikizo la kichwa liko juu kunaweza kuua.

Kuna vipimo viwili vya bei ndogo ambavyo watu wanaviacha. Cha kwanza ni vidole vya daktari: apapase ngozi ya mikono, mgongo na mapaja akitafuta vinundu vigumu, visivyouma, vya sentimita moja hivi. Kinundu kimoja kikitolewa na maabara ikakuta buu ndani, alama kubwa imepatikana. Cha pili ni eksirei ya mapaja. Mabuu yaliyokufa kwenye misuli hubaki kama punje nyeupe za mchele, ndefu na zenye ncha, zikifuata mwelekeo wa nyuzi za misuli. Eksirei hiyo ipo karibu kila hospitali ya wilaya.

Macho yake yakaguliwe kabla ya dawa yoyote ya minyoo. Daktari wa macho apanue mboni na kutazama nyuma kabisa, chini ya retina. Buu likiwa humo na dawa ikaliua, uvimbe unaofuata unaweza kupofusha jicho siku chache tu. Hii ni sababu ya kwanza ya kuizuia ile albendazo ya dukani.

Sababu ya pili ni ubongo wenyewe. Tembe moja ya miligramu 400 ya kufukuza minyoo ya tumbo haitibu ubongo, lakini inaweza kulitikisa buu kiasi cha kuamsha uvimbe na kifafa kikali zaidi. Matibabu ya kweli yanatanguliwa na steroidi, dawa za kutuliza uvimbe kama deksamethasoni au prednisoloni, zinazoanzishwa kabla ya dawa ya minyoo. Kisha albendazo miligramu 15 kwa kila kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili, isizidi miligramu 1,200, pamoja na chakula chenye mafuta, kwa siku 10 hadi 14. Wenye vifuko zaidi ya viwili vilivyo hai huongezewa prazikwanteli, dawa nyingine ya minyoo. Kama MRI itaonyesha kwamba kile kifuko nacho kimeshakufa na vyote ni chokaa, dawa ya minyoo haina kazi hata moja, anabaki na ya kifafa peke yake. Na mwenye vyumba vya maji vilivyopanuka au ubongo uliovimba wote hapewi dawa ya minyoo mpaka shinikizo lishushwe. Mnaona kwa nini lazima hatua na mahali vijulikane kwanza.

Kwa sababu atatumia steroidi, daktari apime pia kifua kikuu kilichojificha na mnyoo wa strongiloidi, ambao steroidi huufanya uzaliane bila breki, pamoja na ini na hesabu ya damu. Mkumbusheni pia anatumia dawa gani ya kifafa. Fenitoini na kabamazepini hupunguza kiwango cha albendazo na prazikwanteli kwenye damu. Na ikiwa kampeni ya kichocho itapita kijijini na kugawa prazikwanteli, yeye amwambie mgawaji kwamba ana vifuko ubongoni, asimeze kabla ya daktari wake kukubali.

Nyumbani, mtafuteni mwenye tegu. Ulizeni kila mtu, pamoja na anayewapikia na mnakokula mara kwa mara, kama amewahi kuona vipande vyeupe bapa kwenye choo au kwenye nguo za ndani. Atakayesema ndiyo apimwe kinyesi na kutibiwa kituoni. Asijitibu kimyakimya kwa kuona aibu, kwa sababu naye anaweza kuwa na vifuko ubongoni bila dalili.

Msisubiri miadi ikiwa kichwa kitamuuma sana na kutapika asubuhi, ataona vitu viwili viwili, atachanganyikiwa, atapoteza fahamu ghafla anapogeuza kichwa, au kifafa kitazidi dakika tano. Hizo ni dalili za maji kuziba au ubongo kuvimba, na zinahitaji hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo siku hiyo hiyo.

Mkienda rufaa bebeni CD ya CT, majibu ya VVU, orodha ya dawa na dozi, na daftari la tarehe za kifafa likieleza kilianzia upande gani wa mwili: kama mkono wa kushoto ndio hutetemeka kwanza, hilo linaendana na kifuko cha upande wa kulia. Picha ya kufuatilia hurudiwa kila baada ya miezi sita hivi mpaka kifuko kipotee au kigeuke chokaa, kwa hiyo ile CD ya kwanza msiipoteze.